Tamko la Chama Kuhusu Vyombo vya Kale Vyenye Zebaki



Sisi wakusanyaji, warithi na mafundi wa vyombo vya kale vya kupimia, kupitia Kamati ya Utendaji ya chama chetu, tunatoa tamko hili kwa sababu ya tabia inayozidi kuota mizizi: kuvunja vyombo vya zamani ili kupata zebaki iliyomo, au inayodhaniwa imo. Barometa za mbao, vipimo vya presha vya mezani, vipimajoto vya maabara, saa za ukutani ambazo pendulamu yake hubeba vichupa vya zebaki, vyote vimegeuzwa mali ya kupasuliwa. Msimamo wetu ni huu: chombo kizima kisichovuja, kikitunzwa, kinaweza kukaa nyumbani miaka na miaka bila kumdhuru mtu. Balaa huanza kinapofunguliwa.

Tuanze na uzushi, maana ndio unaotusumbua zaidi. Zebaki nyekundu inayosimuliwa vijiweni haipo. Yapo madini mekundu ya sinabari, ambamo zebaki ya kawaida hupatikana, na zipo kemikali nyekundu za zebaki huko maabara. Lakini hicho kinachouzwa kwa kunong'onezana, eti huita majini, huzalisha fedha au hutengeneza bomu, ni utapeli mtupu. Aprili 2009 nchini Saudi Arabia watu waligombea cherehani kuukuu za Singer kwa imani kwamba sindano zake zina zebaki nyekundu. Ziliuzwa kwa maelfu ya riyali, na kipimo chenyewe kilikuwa kusogeza simu ya mkononi karibu na sindano: laini ikikatika, mali ipo! Cherehani ya bibi haina zebaki, si nyekundu wala nyeupe. Ina mafuta ya cherehani. Na lile doa linalong'aa kama fedha ndani ya valvu ya redio ya zamani kwa kawaida ni bariamu, iliyowekwa kiwandani ili inyonye mabaki ya hewa. Zipo valvu chache za kunyoosha umeme zenye tone la zebaki kweli. Hizo nazo ziachwe zilivyo.

Zebaki halisi, kwa upande wake, ina wanunuzi. Wachimbaji wadogo wa dhahabu huitumia kunasia chembe za dhahabu, kisha huichoma ili dhahabu ibaki. Barometa ya marehemu babu ikikamuliwa na kuuzwa huko, zebaki yake itaishia kwenye moto, na mvuke wake kwenye mapafu ya kijana wa watu. Kwa hiyo chama hiki hakinunui zebaki, hakiuzi, wala hakimtafutii mtu mteja.

Sheria nayo ieleweke. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki umepewa jina la mji wa Japani ambako taka za kiwanda zilitia sumu samaki na wavuvi, ugonjwa ukabainika rasmi mwaka 1956. Mkataba ulianza kutumika tarehe 16 Agosti 2017, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Mwaka huohuo wa 2020 ndio uliowekwa kuwa mwisho wa kutengeneza, kuingiza na kusafirisha nje barometa, vipimajoto na vipimo vya presha vya zebaki, isipokuwa kwa matumizi machache maalumu. Mkataba haukunyang'anyi ulichorithi. Hata Umoja wa Ulaya, ulipobana biashara ya vipimo hivi mwaka 2007, uliviachia nafasi vile vilivyokuwa vimekwisha kupita miaka 50. Kumiliki si kosa. Kinachotutia hofu ni kumiliki bila kujua ulichonacho.

Na ulichonacho ni kizito kuliko kinavyoonekana. Zebaki ina uzito wa mara 13 na nusu ya ule wa maji, kwa hiyo kipimo cha presha cha mezani hubeba karibu gramu 100, na barometa ndefu huweza kupita nusu kilo. Haina harufu, na mvuke wake hauonekani. Ikiwa wazi katika chumba kilichofungwa, chenye joto la nyuzi 20 tu, mvuke unaweza kufikia mamia ya mara ya kiwango kinachoruhusiwa kazini. Joto la Dar es Salaam au Mombasa huuongeza zaidi. Mvuke huo hupita mapafuni hadi kwenye ubongo na figo: mikono hutetemeka, usingizi hupotea, na watoto na mimba ndio huumia zaidi.

Barometa itundikwe kwenye ukuta imara, mbali na jiko na jua la dirishani. Chini yake pakae sinia la plastiki, kamwe si la alumini, kwa kuwa zebaki huila alumini. Ndiyo maana, ndege nyingi zikiwa na mwili wa alumini, abiria hasafiri na barometa ya zebaki begini. Kuihamisha ndiyo kazi. Ile ya mrija ulionyooka yenye skrubu chini huinamishwa taratibu, kama mtu amlazaye mtoto aliyesinzia, mpaka zebaki ipande na kugonga kilele cha mrija. Utasikia mlio mdogo mkavu. Mafundi huupenda, maana ni dalili kwamba juu hakuna hewa. Hapo kaza skrubu polepole, ukikutana na ukinzani uache. Yenye uso wa mduara kama saa ina mrija uliopinda, mdomo wake wazi: usiilaze kamwe kabla fundi hajauziba. Kipimo cha presha nacho huinamishwa mpaka zebaki yote irudi kwenye kikopo chake, kisha kijiti cha kufungia huzungushwa kabla ya kufunika sanduku.

Ikimwagika, watoto, wajawazito na mifugo watoke. Fungua madirisha, funga mlango wa kuingilia vyumba vingine. Vua pete na bangili za dhahabu. Usifagie, maana ufagio huvunja tone moja kuwa mia; wala usitumie mashine ya kufyonza vumbi, itakayopuliza mvuke nyumba nzima. Vaa glavu, mulika tochi kwa ubavu sakafuni ili matone yang'ae, yasukume kwa kadi ngumu, uyavute kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Yatie kwenye chupa ya plastiki yenye maji kidogo na kifuniko cha kukaza. Penye nyufa nyunyiza unga wa salfa, uleule wanaopulizia mikorosho Mtwara na Lindi. Hushikamana na zebaki na kupunguza mvuke. Nguo iliyolowa zebaki haifuliwi, hutupwa pamoja na taka hiyo.

Chupa hiyo haiendi chooni, jaani wala kwenye moto. Kwa Tanzania, uliza Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali au NEMC, wasimamizi wa mazingira. Kwa Kenya, wenzao wa NEMA.

Tunawaomba waganga wafawidhi na wakuu wa shule wanaoingiza vipimo vya kidijitali wasiviweke vile vya zamani kwenye mnada mmoja na viti vilivyovunjika. Vihesabiwe, vifungwe, vikabidhiwe kwa maandishi.

Kwa wanachama wetu: kuanzia leo, atakayebainika kununua zebaki iliyokamuliwa kwenye chombo atavuliwa uanachama, na jina lake litapelekwa kwa mamlaka husika.

Limetolewa na Kamati ya Utendaji kwa niaba ya wanachama.