Mtoto wa Mfalme Aliyefichwa Shambani



Juma lililopita, kwenye mkutano wetu, mama mmoja alisema kwamba kifafa ni ugonjwa wa nyumba za maskini, ama wa nyumba ambamo nyanya ni mchawi. Wengi walitikisa kichwa kukubali. Sisi tulinyamaza, maana mkutano ulikuwa juu ya pesa za likelemba na saa ilikuwa imekwenda. Leo tunamjibu mama yetu, kwa heshima, kwa kusimulia maisha ya mtoto mmoja ambaye baba yake hakuwa maskini hata kidogo.

Aliitwa John. Alizaliwa tarehe 12 Julai 1905 huko Sandringham, Uingereza. Alikuwa mtoto wa sita na kitinda mimba wa wazazi ambao mwaka 1910 walikuja kuwa Mfalme George wa Tano na Malkia Mary. Ili mumweke vizuri kwenye ukoo: kwa Malkia Elizabeth, yule aliyefariki mwaka 2022, John alikuwa baba mdogo, ingawa hawakuonana kamwe. Kaka zake wawili walikalia kiti cha ufalme. Yeye, vitabu vingi vinampita kwa mstari mmoja.

Alikuwa mtundu na mwenye kuchekesha. Inasimuliwa kwamba baba yake alimwambia Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, kwamba watoto wake wote ni watiifu isipokuwa John. Sisi tunaofundisha tunamjua mtoto wa namna hiyo. Kila darasa lina mmoja, na siku asipokuja darasa linapoa.

Akiwa na miaka minne alianguka kifafa mara ya kwanza. Wazazi wake walipotawazwa mwaka 1911, yeye hakuonekana kwenye sherehe. Ugonjwa ukazidi. Waganga wakasema hatafika utu uzima. Masomo yake yalipoonekana hayaendi mbele, mwalimu wa mwisho aliyekuwa akimfundisha akaachishwa kazi, na elimu ya mtoto wa mfalme ikaishia hapo.

Wakati wa vita kuu ya kwanza wakamhamishia kwenye nyumba ya shamba inayoitwa Wood Farm, palepale kwenye ardhi ya Sandringham lakini mbali na jumba kubwa. Huko alikaa na mlezi wake, Charlotte Bill, ambaye watoto wa mfalme walimwita Lala. Huyu mama hakuwa na damu ya kifalme, ila ndiye aliyekuwa karibu naye usiku na mchana. Nyanya yake John, Malkia Alexandra, alimpatia bustani yake mwenyewe. Na akapata rafiki: msichana mmoja aitwaye Winifred, mgonjwa wa pumu, aliyeletwa kukaa kwa mjomba wake aliyesimamia farasi wa mfalme. Watoto wawili wagonjwa, mmoja wa mfalme, mwingine wa mtu wa kawaida, wakatembea pamoja porini na kulima pamoja bustanini. Kusema kweli, sehemu hii ndiyo tuliyoipenda kuliko zote.

Je, wazazi walimtupa? Kuna wanaosema ndiyo, kuna wanaokataa. Sisi hatuwezi kusema walimchukia. Mama yake alikuwa akimtembelea. Lakini wananchi hawakuambiwa juu ya kifafa chake mpaka alipokufa. Sikukuu ya Noeli ya mwaka 1918 walimleta jumbani ashinde na familia, na usiku ulipofika wakampakia tena kwenye gari kumrudisha shambani. Wamama, hebu fikirini usiku huo. Nyumba yenye vyumba visivyohesabika, na hakuna kitanda cha huyu.

Hata mwezi haukuisha. Tarehe 18 Januari 1919 kifafa kilimshika kwa nguvu, kisha akafa usingizini. Alikuwa na miaka 13. Kaka yake mkubwa aliandika juu yake maneno mabaya, baadaye akamwandikia mama yao kuomba radhi. Lala yeye alitundika picha ya John nyumbani kwake, pamoja na kibarua alichomwandikia kumwambia kwamba anampenda.

Basi ugonjwa huu unaingia hata kwa mfalme. Na mfalme naye, pamoja na askari na waganga wake wote, aliona haya kama sisi.

Tunasema kama sisi kwa sababu tuna letu la kuungama. Mwaka jana mtoto mmoja alianguka darasani kwetu. Tulitafuta kijiko cha kumtia mdomoni, na tuliwaacha wenzake wakimbilie nje wakipiga kelele. Vyote viwili vilikuwa makosa. Muuguzi wa kituo cha afya alitufundisha baadaye: usitie kitu mdomoni, usimshike kwa nguvu, ondoa vitu vya kumuumiza, mlaze kwa ubavu, weka nguo laini chini ya kichwa, tazama saa. Ikipita dakika tano, mpeleke kwenye matibabu. Alitukumbusha pia kwamba mate yake hayaambukizi. Na dawa ipo. Fenobarbitali ilianza kutumiwa kwa kifafa mwaka 1912, John akiwa hai, na hadi leo inasaidia wengi, mradi inywewe kila siku na isiachwe ghafla bila muuguzi kusema.

Yule mtoto wetu hakurudi tena masomoni. Jumamosi tulikwenda kwao. Tulimkuta nyuma ya nyumba, ndani ya lupango, anachora herufi mavumbini kwa kijiti, na bado anaandika jina lake bila kosa. Tulimwomba mama yake msamaha kwa habari ya kijiko. Tulimweleza juu ya dawa, tukamsimulia habari za John. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kitu kimoja tu: akianguka tena, watoto watamcheka?

Tulimjibu kwamba wenzake tumeanza kuwafundisha, hata namna ya kumlaza kwa ubavu. Akasema atafikiri. Nafasi yake iko bado kwenye benchi la pili, karibu na dirisha, na Jumatatu tutakuwa mlangoni mapema.