Gemu la dakika kumi linanitosha

Huku Kensington, Johannesburg, tunasukuma. Leo nina hoja ndogo kuhusu magemu ya simu.

Nikitoka kibaruani nafika chumbani saa mbili usiku. Nyumbani Tanga wametutangulia saa moja, kwa hiyo kule ni saa tatu na bi mkubwa anakaribia kulala. Dakika zangu ni za kuhesabu.

Mwaka jana nilinasa kwenye gemu moja la kujenga miji. Usipoingia kila siku unakosa zawadi, na vita ikianza huwezi kuisimamisha. Usiku mmoja bi mkubwa akapiga katikati ya vita. "Mama, nitakupigia." Nilipokuja kupiga, alishalala. Asubuhi dada ndiye aliyeniambia: mama alitaka kunieleza mwenyewe majibu ya hospitali.

Nikalifuta siku hiyohiyo. Sasa nacheza Tetris, aliyoitunga Alexey Pajitnov, na ule mchezo wa nyoka ulioingia kwenye Nokia mwaka 1997. Ukifa umekufa, kesho unaanza upya, hakuna anayekudai.

Wapo watakaosema magemu makubwa yanaondoa upweke wa ugenini. Sawa, ila upweke wangu mimi dawa yake ilikuwa inaita, nikaikatia simu.

Kipimo changu ni kimoja: simu ikiita, naweza kuliacha bila kupoteza kitu? Kama siwezi, silipakui.

Wenzangu mnasemaje? Naomba kuwasilisha.