Jongo, sambaza na moyo

Hapa Kamembe mtu akiamka usiku wa manane kidole gumba cha mguu kimevimba na kuwaka moto, hakivumilii hata mguso wa shuka, hawakosekani majirani wa kusema amekanyaga uchawi. Mara nyingi ni jongo, na chanzo chake ni asidi ya yuriki iliyozidi damuni.

Asidi hiyo hutokana na purini, zilizomo katika chembe za miili yetu wenyewe na katika baadhi ya vyakula. Figo huitoa kwa mkojo. Ikipita takriban miligramu 6.8 kwa desilita ya damu, yaweza kuganda ikawa fuwele mithili ya sindano, nazo hutua kwa wepesi zaidi penye ubaridi. Ndiyo maana mguu huteswa kwanza.

Mama mwenye jiko atauliza: na sambaza wetu je? Samaki hao, walioletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wana purini nyingi, kama maini na figo. Mwenye jongo na awapunguze, wengine wasisumbuke. Maharagwe yanasingiziwa tu, na maziwa hata husaidia. Mkosaji mkubwa ni bia, na soda zenye sukari humfuata. (Najua akina baba wangependa tuendelee kuyashtaki maharagwe.)

Wenye jongo huugua shinikizo la damu na moyo kuliko wengine. Lakini je, asidi ndiyo iudhuruyo moyo, au ni ishara tu? Mwaka 2022 yalitolewa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Uingereza kwa wagonjwa wa moyo zaidi ya 5,700 wasio na jongo. Waliopewa alopurino, dawa ishushayo asidi hiyo, mioyo yao haikusalimika kuliko ya wenzao. Basi asiye na jongo asinunue vidonge hivyo kwa kuhofia moyo. Afadhali akapimwe shinikizo la damu.

Aidha, baadhi ya vidonge vya shinikizo la damu vinavyoongeza mkojo huipandisha asidi hiyo. Mgonjwa asiviache kwa shauri lake; amweleze daktari, maana zipo dawa nyingine. Tena kipimo cha wakati wa maumivu chaweza kudanganya, asidi ikaonekana ya kawaida. Arudi kupimwa majuma mawili baada ya uvimbe kwisha.