Nyonga ya Askari na Upasuaji wa Matundu Madogo

Askari mwenye mikono imara na nyonga mbovu hawezi kufika mahali bunduki yake inapotakiwa. Ndiyo maana tumeona ni wajibu wetu kuchambua tiba inayotajwa sana siku hizi, yaani upasuaji wa nyonga kwa matundu madogo.

Mwaka 1931 daktari Michael Burman wa New York, baada ya kujaribu darubini katika viungo vya maiti, aliona haiwezekani kuipenyeza baina ya kichwa cha mfupa wa paja na kikombe chake. Leo mguu huvutwa kwa mtambo hadi kiungo kiachane kidogo, kisha kamera nyembamba na vyombo hupitishwa katika matundu machache. Daktari huchonga mfupa unaosuguana na kushona ukingo wa kikombe uliochanika.

Je, tiba hii humrudisha askari kazini? Mwaka 2018 majaribio mawili yalitoa majibu yasiyolingana. Nchini Uingereza, miongoni mwa wagonjwa 348, waliopasuliwa walipata nafuu zaidi baada ya miezi 12 kuliko waliopewa mazoezi ya tiba. Nchini Marekani, katika hospitali ya jeshi, wagonjwa 80 walifuatiliwa kwa miaka 2, na tofauti kubwa haikuonekana. Theluthi ya wanajeshi hao hawakufaa tena kiafya kwa kazi ya jeshi. Ieleweke, hata hivyo, kwamba wengi wa waliopangiwa mazoezi walihamia upasuaji baadaye, hivyo mizani haikukaa sawa.

Kwa maoni yetu, fundisho ni moja: tundu dogo halina maana ya ugonjwa mdogo. Mazoezi ya tiba yatangulie, na upasuaji uamuliwe na bingwa baada ya picha na uchunguzi.

Lipo jambo la hatari zaidi. Maumivu ya kinena yanayozidi wakati wa kwata au matembezi marefu yenye mzigo huenda yakawa ufa katika shingo ya mfupa wa paja. Kuruta anayeuficha ufa huo kwa kuogopa kuitwa mvivu aweza kuvunjika kabisa na kupoteza kazi yake. Kamanda anayemdhihaki naye hukipunguzia kikosi chake askari.

Askari aripoti mapema, na kamanda amsikilize. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.