Homa imeshuka, moyo bado: hali ya akili ya wagonjwa wanaotengwa hospitalini Kasese

Gari la wagonjwa likimchukua mtu Karusandara na kumpeleka kutengwa Bwera, swali la kwanza nyumbani ni kama atapona. La pili ni kama mtaruhusiwa kumwona. Kuna la tatu ambalo watu wachache huliuliza kwa sauti: akiwa huko ndani peke yake, bila uso anaoufahamu, moyo wake utakuwaje?

Msomaji wetu, uwe mwenyeji wa Kasese au mkimbizi uliyepitia Mpondwe ukienda Rwamwanja au Kyaka II, swali hili linakuhusu. Mnamo 11 Juni 2019 ilithibitishwa kwamba mtoto wa miaka 5 aliyevuka kutoka Kongo na familia yake ana Ebola. Alionwa kwanza Kagando, kisha akahamishiwa Bwera, na huko akafariki. Bibi yake akafariki baada yake. Ndugu waliobaki, akiwemo mdogo wake wa miaka 3, walirudishwa Kongo kwa makubaliano ya serikali hizo mbili. Moja ya sababu zilizotolewa ni kwamba huko wangekuwa karibu na jamaa zao wengine waliokuwa wakitibiwa, wapate kufarijiana. Wengi walisoma habari ile kama habari ya mpaka na virusi. Sisi tunaona kwamba ndani yake kulikuwa na kukiri kwamba mgonjwa wa Ebola anahitaji pia watu wake.

Mwezi Agosti mwaka huohuo msichana wa miaka 9 alipimwa homa pale Mpondwe, akapelekwa Bwera, naye akafariki. Julai 2024 ikawa zamu ya mpox: wagonjwa wa kwanza kuthibitishwa Uganda katika mlipuko ule walikuwa wa Kasese. Kila mara jibu la kwanza ni kutenga, na hapo hatuna ubishi. Ebola hupita kwenye damu na majimaji ya mwili, mpox hupita kwa kugusana ngozi, na mgonjwa akibaki katikati ya familia, familia nzima iko hatarini. Tunachobishia ni mazoea ya kudhani kwamba ukishamtenga mtu na kumpa dawa, kazi imekwisha.

Jiweke mahali pake. Anayekuhudumia amefunikwa kichwa hadi miguu, unaona macho tu, na huenda hasemi Lhukonzo wala Kiswahili unachokielewa. Kitanda cha jirani jana kilikuwa na mtu, leo kimetandikwa upya na hakuna aliyekuambia ameenda wapi. Usiku unawaza ni nani uliyemwambukiza. Unawaza ng'ombe, nani anawapeleka majini. Kama unalima Mubuku, unawaza zamu yako ya maji. Mkimbizi ana lake la ziada: siku ya kugawa chakula au pesa ikifika na yeye hayupo kuweka alama ya kidole, je, jina litafutwa? Hofu hizi zina sababu. Ndiyo maana kumwambia mtu "usiogope" hakumsaidii kitu.

Mwenye mpox naye, hata kama maisha yake hayako hatarini, hukaa wiki mbili hadi nne akisubiri magamba yaanguke, huku upele usoni ukimfanya ajione kama tangazo. Watu husema ameyapata kwa umalaya. Mtoto anayelala kitanda kimoja na ndugu zake huambukizwa vilevile, lakini uvumi hausubiri maelezo.

Tatizo jingine ni maneno. Vitabu vya Tanzania huita ugonjwa huu sonona. Ukilitamka neno hilo sokoni Bwera wengi watakuuliza maana yake. Hapa tunasema "ana mawazo mengi," na kwa kuwa kila mtu ana mawazo, hakuna anayeshtuka. Basi tazama dalili. Mtu asiyelala au anayelala mchana kutwa, anayekataa bundu na chai, asiyetaka kuzungumza hata na anayempenda, anayejilaumu bila kukoma, na hali hiyo ikaendelea wiki mbili karibu kila siku, huyo anahitaji msaada wa mhudumu wa afya. Wasiwasi mkubwa huja na moyo kwenda mbio, kutetemeka, kukosa pumzi. Akisema afadhali afe, usingoje wiki mbili. Mwambie mhudumu siku hiyohiyo na usimwache peke yake.

Hapa tahadhari inafaa. Mgonjwa mwenye homa kali anayeanza kusema maneno yasiyoeleweka ghafla, au asiyejua yuko wapi, huenda ni ugonjwa wenyewe umefika kwenye ubongo, na hiyo ni dharura. Tena baadhi ya dawa hugusa akili: cycloserine, inayotumika kwa kifua kikuu sugu, inaweza kuleta huzuni nzito na hata kuchanganyikiwa. Mwambie daktari. Usiache dawa kwa uamuzi wako, kwa sababu kifua kikuu kilichoachwa njiani hurudi na nguvu zaidi.

Kwa nini haya ni mambo ya kijiji kizima? Kwa sababu mgonjwa aliyezidiwa na hofu hutoroka, na jirani aliyesikia habari za upweke wa wodi humficha mtoto wake ndani. Mlipuko huendelea kwa njia hiyo. Wakati wa Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, iliyotangazwa Agosti 2018 na kuua watu 2,287 hadi ilipotangazwa kwisha Juni 2020, somo hili lilieleweka baada ya maumivu mengi. Beni ilipata vyumba vya plastiki angavu ambamo familia iliweza kusimama nje na kumwona mgonjwa wao. Watu waliopona waliajiriwa kuwabeba na kuwalisha watoto ambao mama zao walikuwa wamelazwa, kwa kuwa mwili wao ulikuwa tayari na kinga. Mtoto anayebebwa na mtu mwenye uso hulia tofauti na anayebebwa na suti.

Sisi wa mashirika tuna la kujibu. Mabango yetu yanahesabu sabuni, ndoo na vitanda. Ni nadra bango kusema ni nani atazungumza na mgonjwa saa nane za usiku. Mnasihi mara nyingi huletwa mlipuko ukishapamba moto na huondoka na magari ya mwisho, wakati huzuni ya mtu ndiyo kwanza inaanza. Wala si lazima awe daktari bingwa kutoka Butabika. Katika utafiti uliofanywa vijijini Masaka na Rakai na kuchapishwa mwaka 2003, vikundi vya watu wenye huzuni kubwa viliongozwa na wenyeji waliofunzwa, na wengi walipata nafuu kubwa. Jambo hilo linawezekana Karusandara.

Wewe unaweza kuanza kabla yetu. Kutoka Karusandara hadi Bwera ni mwendo mrefu, kupitia mji wa Kasese na Kikorongo, na nauli si ya kila siku. Mpigie simu. Kabla ya kumpelekea simu ulizia wodini, maana vitu vinavyoingia sehemu ya Ebola huenda visitoke. Mpe habari za kweli: ng'ombe wamekunywa, mtoto ameenda shule, na kama kuna aliyefariki, panga na muuguzi jinsi ya kumwambia, asije akasikia kwa mgeni. Kama ni mkimbizi, familia iende mapema dawati la OPM au UNHCR kueleza kwamba amelazwa.

Akirudi na cheti cha kupona, kaa naye ule naye. Maagizo atakayopewa, kama kutumia kondomu kwa muda uliowekwa, ni yake na mwenzi wake, si ya kujadiliwa kisimani. Wiki zikipita naye bado hatoki nje, mwite mhudumu wa VHT wa kijiji chenu, au piga bila malipo 0800 100 066 ya Wizara ya Afya. Wakimbizi wanaweza pia kupiga 0800 323 232.