Hi-fi yako haifai, na shida si wati

Wacha niseme, mnitukane baadaye: wengi wenu mnaotafuta amplifaya mpya hamhitaji amplifaya mpya. Na wale wachache wanaoihitaji kweli wananunua ile mbaya, kwa sababu wanasoma namba moja tu kwenye boksi.

Namba yenyewe mnaijua. Ukishuka Luthuli Avenue utapata wufa zimepangwa mlangoni zikitingisha lami, na kwa boksi wameandika 10,000W PMPO kwa herufi kubwa kuliko jina la kampuni. Sasa fanya hesabu kidogo. Umeme wetu Kenya ni volti 240. Plagi ya miguu mitatu ina fyuzi isiyozidi ampea 13. 240 mara 13 ni 3,120. Hizo ndizo wati zote soketi yako inaweza kutoa mfululizo, na hizo ni za pasi na birika ya umeme. Hizo elfu kumi zinatoka wapi, mbinguni?

Geuza hiyo wufa uangalie kibandiko cha nyuma, pale wameandika umeme inaokula. Ukipata wati 60, basi hapo ndipo ukweli uko. Mashine inayokula 60 haiwezi kutapika 10,000, na hata hizo 60 zingine zinaishia kuwa joto. PMPO haina kipimo ambacho watu walikaa wakakubaliana. Kila mtu anajihesabia vile anataka. Namba ya kuuliza ni RMS, yaani nguvu yenye amplifaya inaweza kutoa mfululizo bila kulia, na uulize pia ni kwa omu ngapi. Marekani walichoka na hii michezo kitambo. Mwaka wa 1974 tume yao ya biashara, FTC, iliweka sheria kwamba ukitangaza wati za amplifaya ya nyumbani, uwe umezipima kwa njia moja inayojulikana. Hapa kwetu kuna msee saa hii analipia elfu kumi za uongo kwa mkopo wa kila wiki.

Nadhani huu ugonjwa wa wati tuliutoa kwa matatu, na nasema hivyo kwa mapenzi. Kizazi chetu kilijifunza sauti kikiwa kiti cha nyuma cha nganya ya Rongai, besi ikikusukuma mgongo mpaka ushuke. Lakini nganya inashindana na injini, honi, makanga na madirisha wazi. Keja yako inashindana na nini? Friji na mtoto wa jirani.

Spika nyingi ndogo za nyumbani zinakuja na namba kama 87 dB. Maana yake ni kwamba ukiilisha wati 1, moja tu, ukakaa mita 1 mbele yake, unapata desibeli 87. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima akiskiza desibeli 80, asipitishe saa 40 kwa wiki. Kwa hivyo wati moja tayari imepita hapo. Na ukiongeza wati mara mbili, kutoka 30 hadi 60, unapata desibeli 3 tu zaidi, kitu sikio linaona ni kidogo. Ili sauti ionekane imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji wati kama mara kumi. Ndiyo maana kutoka amplifaya ya wati 40 ukaenda ya 60 ni kuchoma pesa, hata kama muuzaji ameapa.

Kama unadhani nabahatisha, kuna amplifaya inaitwa NAD 3020. Ilitoka 1978, wati 20 kwa kila spika, sura ya kawaida kabisa kama redio ya ofisi ya chifu. Mpaka leo watu wanaitafuta. Ilipendwa kwa sababu hizo 20 zilikuwa 20 za kweli, na spika ngumu ilizisukuma bila kujikunja.

Kwa hivyo pesa iende wapi? Ukinipa elfu 20 leo na uniambie muziki wako unaskika kama uko ndani ya sufuria, siguzi amplifaya. Kwanza natoa spika kwa kona. Kona huvimbisha besi mpaka huwezi kujua gitaa la besi linacheza nini, na hiyo ni dhambi kwa mtu anayeskiza benga, maana benga yote ni gitaa la solo na besi zikijibizana. Halafu naangalia chumba: kuta za mawe, sakafu ya taili, dirisha bila pazia. Weka zulia na pazia zito. Kitanda kwa bedsita ni dawa ya mwangwi, usikione kama umaskini. Ikibaki pesa, naiweka kwa spika, za mtumba hata, kwa sababu tofauti kati ya spika mbili huskika na mtu yeyote, lakini tofauti kati ya amplifaya mbili nzima zenye sauti sawa itakusumbua kuiskia.

Hapo kwa sauti sawa ndipo madukani wanatupata. Sikio huamini kilicho juu kidogo ni kizuri zaidi. Muuzaji akikuchezea mbili, ile ya bei anaiongeza kidogo. Nenda na wimbo unaoujua vizuri, uombe zilingane, na ukae hapo dakika tano bila aibu. Akikataa, maduka ni mengi.

Sasa, kuna wenye wanahitaji amplifaya kweli. Kama sauti inachanika kabla ujaze chumba, kama inachemka na kujizima ukiweka spika za omu 4, kama inanguruma hata bila wimbo, ama kama TV yako mpya ina tundu la waya wa mwanga pekee na amplifaya haina pa kuuchomeka, sawa, nunua. Angalia nyuma imeandikwa inakubali omu ngapi. Ikiandikwa 8 na zaidi, spika za 4 zitaiua.

Hizi ndogo za kisasa, zenye chipu kama TPA3116 ya Texas Instruments, mimi nazikubali. Ni ndogo kama kitabu, hazichemki sana, tokeni hazikimbii. Lakini chunga adapta. Boksi linasema wati 50 kwa 50, ndani unapewa adapta ya volti 12 na ampea 2. Zidisha: 24. Hizo ndizo wati zote, na spika mbili zinagawana. Tafuta ya volti 24 na ampea 4 ama 5 ndiyo uskie kile umelipia.

Moyo wangu lakini uko kwa za mtumba, zile nzito kutoka Uingereza. Umeme wao ni kama wetu, plagi ni ileile. Ukizungusha kitufe cha sauti na kikwaruze, hiyo ni uchafu tu, fundi anasafisha. Kinachotisha ni kingine: kabla hujaunganisha spika, mwambie fundi aweke mita kwa matundu ya spika, wimbo ukiwa umezimwa. Milivolti chini ya 50, fiti. Ikisoma mamia, hiyo mashine itakaanga spika zako polepole, na bei iwe nzuri aje, wachana nayo.

Zinazotoka Japani ni stori tofauti. Ni tamu, ni za bei nafuu, lakini nyuma zimeandikwa 100V, na soketi yako ina 240. Utahitaji transfoma ya kushusha umeme, na iwe ya wati zaidi ya zile amplifaya inakula. Ongeza bei yake kabla useme umepata dili. Na kama unayo moja hapo kwa meza na hujaichomeka, nitumie picha ya kibandiko cha nyuma kwanza.