Simu iliyozimwa bondeni

Walioniuliza kwa nini ukurasa huu ulikosa makala yangu wanisamehe. Nilikuwa Australia kwa dada yangu, aliyehamia Canberra na familia yake.

Shemeji aliazimia kunipeleka, mimi na watoto, kwenye kituo cha Tidbinbilla, mwendo usiofikia saa moja kutoka mjini. Hapo ndipo wanapowasiliana na vyombo vilivyotumwa anga za mbali, na wageni huruhusiwa kuingia bila kiingilio. Usiku wa kuamkia siku hiyo tukapata habari kwamba mama amelazwa Tanga. Mdogo wetu alisema tusibabaike, daktari atapita asubuhi. Dada akabaki nyumbani, nasi tukaondoka, simu nimeishika mkononi.

Kabla ya kuingia, bango linamtaka kila mgeni azime simu. Nilisita. Kwa saa za kule ilikuwa saa nane mchana, na Tanga ilikuwa saa moja asubuhi, wakati ule ule ambao madaktari huanza kupita wodini. Shemeji akaniambia kwa upole, "Shehe, hapa wanasikiliza sauti dhaifu mno. Simu yako kwao ni kama ngoma mlangoni." Nikaizima.

Dishi kubwa lina upana wa meta 70. Limekaa katikati ya milima inayolikinga na kelele za mawimbi ya redio ya mjini, na kondoo hulisha malishoni jirani. Linageuka polepole, kiasi kwamba ukitazama huoni mwendo, ila ukirudi baada ya muda utakuta limeelekea kwingine. Kituo kilianza kazi mwaka 1965. Wenzake ni Goldstone huko California na Robledo karibu na Madrid. Vitatu hivi vimegawana mzingo wa dunia, ili chombo kinapotua upeoni kwa mmoja kiwe kimechomoza kwa mwingine. Kando limesimama dishi kuukuu la meta 26 ambalo, likiwa bado Honeysuckle Creek, lilipokea picha za hatua za kwanza za Neil Armstrong mwezini mwaka 1969. Nikamkumbusha shemeji kwamba hata Unguja iliwahi kuwa na kituo cha namna hii pale Tunguu, kilichokuwamo katika mtandao uliofuatilia safari ya John Glenn mwaka 1962, kikafungwa mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Hakuwa na habari, naye ni mzaliwa wa Unguja!

Lakini kilichonishika ni kisa cha Voyager 2. Chombo hicho kilirushwa mwaka 1977, na kwa kuwa kimeelekea kusini mno, ni dishi la Tidbinbilla pekee liwezalo kukipelekea amri. Mwezi Julai 2023 kilitumiwa amri yenye kosa, antena yake ikageuka nyuzi mbili tu kutoka uelekeo wa dunia. Nyuzi mbili, na kikanyamaza. Siku kadhaa baadaye ukasikika mnong'ono hafifu, dalili kwamba kingali hai, lakini haukubeba habari yoyote. Ndipo dishi hili likakipazia sauti kwa nguvu zake zote likikiamuru kigeuke. Kutoka hapo hadi kilipo, mawimbi husafiri zaidi ya saa 18, na jibu huchukua muda kama huo kurudi. Wakangoja saa 37. Tarehe 4 Agosti kikajibu.

Mpwa wangu, mwenye miaka kumi na mmoja, aliuliza, "Mjomba, hizo saa 37 walikuwa wanafanya nini?"

"Walikuwa wanangoja."

"Hawakulala?"

Sikuwa na jibu. Nikamwonyesha jiwe la mwezini lililowekwa ndani ya kioo, naye akalitazama kwa adabu, kisha akarudi dirishani kulitazama dishi.

Tulikaa saa mbili. Wakati wa kutoka, shemeji alilipita bango, akasimamisha gari kando ya barabara bila kuombwa. Nikawasha simu. Ilichukua muda kushika mtandao, na garini hakuna aliyesema neno, hata yule mdogo. Kisha ukaingia ujumbe wa mdogo wetu: homa imeshuka, mama amekunywa uji, anauliza kwa nini simu ya Shehe haipatikani.